Orodha ya Milango

Nimecheza beki wa kati katika timu tisa, na sidhani kama kuna hata moja iliyobaki na picha yangu. Silalamiki. Kazi ya beki wa kati ni kusimama pale ambapo mtu mwingine anataka kupita. Akipita, uwanja mzima unakutaja. Asipopita, watu wanatazama upande ule mwingine, kwa washambuliaji.

Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, na shangazi akanichukua kwake mjini Baraka, katika nyumba yake ndogo karibu na ziwa, yenye mlango wa buluu. Nilikaa kwake mpaka darasa la tano. Siku moja niliona lori limebeba magunia linapanda kwenda Fizi, nikataka kujua barabara ile inaishia wapi. Nikapanda. Haikuishia.

Fizi nilikua, nikachezea timu ya walimu na makarani. Walinipa chakula na mahali pa kulala kwa sababu nilikuwa na mabega mapana na sikuogopa kuumia. Kwetu mchezaji wa namna hiyo tunamwita mersenere: unaitwa kwa mechi, unazuia, unakwenda. Juu kule Bibokoboko nilicheza kwenye uwanja wa majani, ambapo mechi ilisimama mpaka ng'ombe wamalize kupita, na mchungaji mmoja akanifundisha majina ya rangi zote za ng'ombe. Misisi tulicheza kwenye mteremko wa udongo mwekundu, na wachimbaji walikuja uwanjani moja kwa moja kutoka mashimoni. Kule niliuliza maswali mengi kuhusu dhahabu, inavyooshwa na inavyojificha kwenye mchanga, hata wakaniuliza kama mimi ni wa serikali.

Goti la kulia liliharibika Misisi. Kidole changu kidogo kilivunjika mara mbili, kikapona vibaya. Mechi ikiisha, kule kila mtu alishika njia yake, kwa sababu wote walikuwa wametoka mahali pengine. Huko sikujisikia mpweke. Upweke ulikuwa ukinikuta Baraka, kila niliporudi kucheza mechi moja na kuondoka.

Timu moja ya mtaani pale Baraka ina desturi yake. Ikishinda nyumbani, hakuna mchezaji anayeachwa atembee peke yake. Timu nzima na mashabiki, na ngoma, na filimbi, wanampeleka kila mmoja mpaka mlangoni kwao. Mtu wa nyumba anatoka na maji, anamwagia miguu yake kuanzia magotini, kisha anasema, "Tumemupokea." Bila neno hilo watu hawaondoki. Halafu wanakwenda mlango unaofuata. Mimi nilichezea timu hiyo mara mbili nikiwa mersenere. Mara zote mbili nilitembea nyuma nimebeba mfuko wa mipira, nikatazama miguu ya wenzangu ikioshwa.

Basi mwaka ule, goti likiwa tayari linanidai, nilirudi Baraka nikiwa na nia moja tu: kubaki. Nilitaka timu ile, na nilitaka kurudishwa nyumbani hata mara moja kabla sijaacha mpira.

Nilikwenda kwa katibu wa timu. Alikuwa fundi cherehani, na orodha ya timu aliiweka chini ya mkasi wake mkubwa.

"Mersenere hatuchukui tena," alisema bila kusimamisha mashine. "Sasa ni batoto ba hapa tu."

"Mi niko wa hapa."

"Kila muntu anasema iko wa hapa. Mi nataka mulango. Mulango wako uko wapi, mukubwa?"

Nikasema: ule wa buluu, karibu na ziwa, nyumba ya shangazi yangu. Akachukua penseli sikioni, akaandika.

Shangazi alikuwa amekufa siku nyingi. Habari hiyo ilinikuta Misisi, na sikuja kumzika. Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimepita mbali kidogo na nyumba, nikaona mlango bado ni wa buluu. Sikubisha hodi. Nilijiambia kwamba ndani kutakuwa na ndugu fulani, na ndugu akisikia ngoma atatoka tu na maji.

Mechi ya kwanza nyumbani tulishinda moja kwa sifuri. Mshambuliaji wao alikuwa na kifua kama kabati, na kwa mechi nzima tulisukumana kama watu wawili wanaogombania mlango mmoja mwembamba. Mara ya mwisho aliponijia, nilimwekea bega, tukaanguka wote, mpira ukatoka nje. Hakuna aliyepiga kelele. Filimbi ikalia.

Tukaanza milango. Kwa kipa alitoka bibi yake mkongwe, akamwagia maji huku akimgombeza kwamba amechafua kaptula mpya. Kwa nahodha walitoka dada wanne. Kila tulipoondoka mlangoni nilihesabu iliyobaki kabla ya wangu. Jua lilikuwa bado kali tulipoingia njia ya ziwani.

Ngoma ikasimama mbele ya mlango wa buluu. Akatoka mwanamke ambaye nilikuwa sijawahi kumwona, mikono yake myeupe kwa unga wa muhogo.

"Munatafuta nani?"

"Mama, tunakuletea mutoto wako!" kipa alipiga kelele.

Mwanamke akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

"Huyu? Mutoto gani ananipita miaka?"

Watu wakacheka. Akangoja wamalize.

"Mi niko mupangaji," akasema. "Nilikimbia Burundi na batoto. Mwenye nyumba wa zamani alikufa, mi nilikuta tu nyumba. Huyu simujui."

Mpiga ngoma akaweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma. Kila mtu akanigeukia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya mpira uwanja mzima ulikuwa unanitazama mimi.

"Ee, mersenere!" kipa akasema. "Hata mulango umekodi!"

Walicheka sana. Nami nilicheka, vile unavyocheka ukikanyagwa na njumu ili mwenzako asijue amekuumiza wapi. Katibu hakucheka. Akatoa karatasi, akaukata mlango wangu kwa mstari mmoja, akaonyesha kwa penseli njia ya mlango unaofuata. Ngoma ikaanza tena, ikapinda kona.

Nilibaki pale kwa sababu goti lilikuwa limekaza. Mwanamke aliingia ndani, akatoka na beseni.

"Nawa, uko matope mingi. Lakini ile neno yao sitasema. Itakuwa uongo."

"Usiseme, mama."

Niliosha miguu yangu mwenyewe. Yeye akasimama akinitazama.

"Mulishinda?"

"Moja, sifuri."

"Ulifunga we?"

"Hapana. Mi nazuia."

"Unazuia nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri kuliko kocha yeyote niliyewahi kuwa naye.

"Kumbe ni kama kulinda shamba na nyani," akasema. "Nyani wasipokula, nani atakuambia asante?" Akamwaga maji machafu, akarudi kwenye muhogo wake.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi kabla hajaniita.

"Kucheza utacheza," akasema. "Beki tunahitaji. Lakini kwenye orodha ya milango, hapana. Sababu ya nini ulidanganya, mukubwa? Ungesema tu hauna mulango."

"Ningesema sina, ungenichukua?"

Alikanyaga mashine mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno.

"Hapana," akasema.

Nimebaki. Nimepanga chumba nyuma ya soko, kwa mwenye nyumba ambaye hatoki kwa ngoma yoyote. Jumapili iliyofuata tulishinda tena. Nilibeba mfuko wa mipira nikatembea nyuma, mlango baada ya mlango. Njia ya ziwani waliiruka, kwa kuwa haikuwa tena na mlango wa mchezaji. Mimi nilimwachia kipa mfuko, nikashuka peke yangu.

Mlango wa buluu ulikuwa umefungwa. Nje, kando ya kizingiti, kulikuwa na beseni limejaa maji. Labda yule mwanamke aliyachota kwa ajili ya kulowekea muhogo. Labda alikuwa ameyasahau akaenda shambani. Mimi huuliza kila kitu, hata kisichonihusu, na jirani alikuwa amesimama pale pale akianika samaki, ningeweza kumwuliza. Sikumwuliza. Nilikaa chini, nikaanza kufungua kamba za viatu.