Mama Mkwe na Kiti cha Mbele cha Lori la Gesi

Ukila samaki wa kukaanga katika hoteli za Diani, jua kwamba gesi iliyomkaanga huenda niliileta mimi. Shule niliiacha darasa la nne. Nilianza kwa kuuza mafuta ya taa Matuga, madumu mawili juu ya baiskeli, na leo nina lori. Sikurithi hata spana.

Lakini kazi ya gesi imebadilika. Zamani ulifunga mitungi kwa kamba, ukasema bismillahi, ukaondoka. Siku hizi mitungi inasimamishwa ndani ya vizimba vya chuma, gari linabandikwa vibao vya alama ya moto mbele na nyuma, na dereva anarudishwa darasani. Nilikwenda, na mwalimu mwenyewe alikiri kwamba ninajua kuuliza maswali. Kisha wakafunga kamera mbele ya usukani. Ukipiga miayo, inalia. Picha zinakwenda Mombasa, kwa kampuni inayonipa gesi, na walitwambia wazi: abiria akionekana, kazi imekwisha.

Sasa, kiti cha mbele kilikuwa cha mama mkwe wangu. Tangu nilipopata lori alikuwa akiningoja njia panda ya Kombani, anakifuta kwa leso yake, anakaa kama bibi harusi, na kila anayemjua barabarani lazima amwone.

Wiki ile binti yangu alikuwa amejifungua Msambweni. Nilipofika Kombani na mzigo kamili, mama alikuwa amekwisha kusimama, kikapu mkononi na kuku ndani yake, anakwenda kumwona kitukuu chake cha kwanza. Nikashuka, nikamwamkia. Akaitikia huku mkono wake umeshika mlango wa gari.

Kwetu mama mkwe hakataliwi kitu, sembuse hadharani.

"Mama, niwie radhi. Gari la gesi siku hizi halichukui abiria."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mama."

Vijana wa bodaboda walikuwa wamesikia. Mmoja akaniuliza, "Tajiri, gari ni lako ama ni la kamera?" Wenzake wakacheka.

Mama akachungulia kupitia dirishani, akaitazama kamera kwa muda, akaniuliza kama ndiyo inayokataza. Nikamweleza yote: picha, kampuni, na kwamba kazi ikienda, lori nalo linakwenda. Akauachia mlango. Akajifunga leso vizuri, akawageukia wale vijana.

"Mnacheka nini? Nyinyi pikipiki zenu hupakia kila mtu, hata mbuzi. Gari la mwanangu halipandwi ovyo. Hata mimi niliyemzalia mke silipandi."

Kisha akaagiza tuktuk hadi Ukunda kwa sauti ya mtu mwenye shamba la minazi, na akamwonya dereva asilikaribie lori langu. Kutoka Ukunda angepata gari la Msambweni.

Mimi nilishusha mitungi Diani, hoteli baada ya hoteli, moyo ukiwa mzito. Kumtetea mtu mbele ya watu ni kitu kimoja, kumsamehe ni kingine. Nilipofika kwa binti yangu na mitungi iliyobaki, ya hospitali na ya wenye hoteli ndogo, nilimkuta mama kibarazani amempakata mtoto, anawahadithia majirani jinsi serikali nzima inavyoniangalia nikiendesha.

Nilitaka kuingia. Akanisimamisha mlangoni.

"Baba, na gari umemwachia nani?"

Nikarudi kwenye lori. Punde akaja mwenyewe na sahani ya wali na kuku. Njiani akamfukuza jirani aliyekuwa akivuta sigara ng'ambo ya barabara. Mwenyewe akasimama mbali kidogo na kibao cha moto, akaniita nikaifuate sahani pale, akangoja mpaka nilipomaliza kula.