Nilijifanya mtaalamu wa Blazo kwa birthday ya watoto Kiamunyi, nikaaibika kwa mic

Wakuu, niaje.

Hii story nimekaa nayo mwezi mzima nikiona haya. Leo naitoa kwa sababu hamnijui na siwajui. Sitaongeza chumvi hata kidogo, vile ilivyo tayari imenitosha.

Mnijue kwanza. Mimi ni fundi wa friji hapa Nakuru, miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Kuresoi, kule kwa viazi na baridi. Mwaka jana nilikutana na Mercy, anashona mapazia pale Lanet. Friji yake ilikuwa imekataa kugandisha. Nikaitengeneza siku moja, nikarudi mara tatu "kuangalia kama iko sawa".

Mnaelewa.

Mercy ana binti wa miaka nane, Shiru. Babake mtoto alienda kitambo na kwa hiyo nyumba hakuna mtu humtaja.

Sasa mimi nikawa nataka kupeleka wazee wangu kwao Mercy, Ndabibi, tujulishane vile inafaa. Nilipomwambia hivyo, aliweka makasi chini.

"Mimi sina shida na wewe. Lakini kwa hii nyumba tuko wawili. Shiru akikubali, tunaenda. Akikataa, hata usijisumbue."

Na Shiru alikuwa hanitaki, wakuu. Si ati alikuwa na madharau, hapana. Alikuwa ananisalimia tu kama mtu amekuja kusoma mita ya stima. "Sasa uncle," halafu huyo chumbani, mlango umefungwa.

Nilijaribu biskuti. Nilijaribu kumtengenezea baiskeli. Aliniambia thank you na akaingia chumbani na biskuti.

Kitu alikuwa anapenda kuliko chakula ni Blazo. Kama huna mtoto, wacha nikueleze. Blazo ni katuni ya kijana anavaa glavu zinawaka moto, anapigana na jamaa mbaya sana ana taya ya chuma, anaitwa Lord Vextor. Ilianza nikiwa mtoto na wenyewe hawajawahi kuchoka. Kuna ile ya kwanza. Kuna Blazo Academy. Kuna Blazo wa chini ya bahari. Kuna Baby Blazo, anapigana akiwa na nepi. Kuna hadi ya paka wake.

Paka, wakuu! Ati paka naye ako na yake.

Siku moja nimekaa pale kwa sofa nangoja chai, Shiru ako chumbani, TV inaonyesha ile ya Academy. Nikasema kwa sauti ya mtu mzima anayejua mambo:

"Hii ni ya juzi. Mimi niliona ile original, yote."

Mlango ukafunguka.

"Yote?"

"Yote. Niulize chochote."

Hiyo "niulize chochote" ndiyo ilinimaliza, tu sikujua.

Mnaona, Shiru hakuwa ameona ile ya kwanza. Kwa TV huwa wanaweka mpya tu. Kwake original ilikuwa kama Agano la Kale, anajua iko lakini hajafika huko. Akakuja akakaa kwa sofa, ile ncha ya mbali, lakini alikaa. Mercy alitoka jikoni na chai akatuona, akarudi jikoni polepole.

Mimi nilifurahi vibaya. Nilirudi town nikijiongelesha.

Na kwa akili yangu sikuwa nimedanganya. Niliiona kweli. Shida ni mahali niliiona.

Kuresoi center kulikuwa na video ya mtu anaitwa Mosmos. Nyumba ya mabati, generator nyuma, benchi za mbao, na TV moja juu ya kabati. Wale wa umri wangu mnajua vile hizo mambo zilikuwa zinaenda. Mosmos anapunguza sauti ya filamu, anashika mic, anakutafsiria yeye mwenyewe. Huwezi sikia kizungu hata moja. Unasikia Mosmos.

Kwa Mosmos, Blazo alikuwa anaitwa Kadogo. Lord Vextor alikuwa anaitwa Anko Sospita. Na hiyo mimi nilijua ni majina yake ya kubandika, nani hakujua? Nikiona Blazo nilijua ni yule Kadogo wetu.

Lakini story yenyewe nilidhani ni ya wenye katuni.

Story ilikuwa hivi. Babake Kadogo amekufa, Anko Sospita amechukua shamba na kuficha title deed. Hiyo taya ya chuma aliipata usiku akisongesha mpaka, punda wa marehemu akamlima teke ya mdomo. Ile roboti inatembea na Kadogo ni shangazi yake, aligeuka chuma juu ya kula kwa Sospita bila kuombea chakula. Tulikuwa tunalia kwa hizo benchi, watoto wakubwa. Nilichukia Sospita hadi nikamwota.

Basi.

Wiki mbili baadaye napigiwa simu, kuangalia ni Mercy, kuongea ni Shiru.

"Uncle, Saturday uko na kazi?"

Nilikuwa na freezer ya bucha fulani imezima. Nikasema sina.

Ilikuwa hivi: mtoto wa darasa yao, wa huko Kiamunyi, anafanya birthday ya Blazo. Kutakuwa na quiz ya baba na mtoto, ya Blazo zote, kuanzia ya kwanza. Wenzake wote wanaenda na baba zao.

"Mum ameniambia naweza kuambia wewe," akasema. Halafu akaongeza: "Kwa sababu unajua original."

Wakuu, mimi ni mtu mzima na nina ndevu. Nilikaa chini kando ya hiyo freezer nikapangusa macho. Ilikuwa mara ya kwanza huyo mtoto kuniomba kitu chochote.

Kujitayarisha? Nijitayarishie nini? Mtaalamu ni mimi.

Saturday tukafika. Bouncing castle, keki ya orofa tatu, wazazi wa magari makubwa. Shiru amevaa glavu za Blazo ambazo mamake alimshonea na kitambaa ya pazia. Akanivuta sikio: "Uncle, mpango ni huu. Za mpya najibu mimi. Za original unajibu wewe."

Mimi huyo, kidole gumba juu.

Huyo mtoto ni moto. Za Academy, alipata zote. Za bahari, zote. Za paka, wakuu, aliulizwa jina ya daktari wa paka na akalijua. Tukabaki familia mbili tu, sisi na mapacha wa daktari fulani wa meno, na sisi tulikuwa mbele. Shiru alinishika mkono. Alinishika mwenyewe, sikumwomba.

MC, msichana mmoja mchangamfu, akasema: "Maswali matatu ya mwisho, ni ya original!"

Shiru akaniangalia na uso unawaka. "Hizi ni zako."

Swali la kwanza: Lord Vextor alipata taya ya chuma vipi?

Nikasimama. "Teke ya punda."

MC akaangalia karatasi. Akaiangalia tena. "Sorry?"

"Punda," nikasema. "Alikuwa anasongesha mpaka wa shamba."

Watu wakacheka kidogo, ile ya kudhani wewe ni mcheshi. Mapacha wakasema ililipuka mashine kwa maabara. Wakapewa.

Swali la pili: roboti Pixel aliundwa na nani?

"Hakuundwa. Huyo ni shangazi."

Sasa hapa mtu mwenye akili angenyamaza. Angeangalia ule uso wa mtoto kando yake na kuelewa kuna kitu imeenda mrama. Lakini mimi nilijua hawa watu ndio wamekosea. Waliona za juzi, mimi niko na original! Nikaomba mic.

Nikapewa.

Nikaeleza yote. Kifo cha baba, title deed, punda, shangazi na kile chakula. Nilieleza na ile sauti ya Mosmos kabisa, hadi pale Sospita anasema "Hii shamba mtaiona kwa ndoto!" Nilikuwa natetea haki ya mtoto wangu, kwa akili yangu.

Bouncing castle ilisimama. Hata watoto wadogo walikuja kuangalia.

Halafu huko nyuma kwa nyama, jamaa mmoja mnene ameshika soda akaanza kucheka. Si kucheka tu, alishikilia mti.

"Boss! Boss! Wewe uliona kwa Mosmos!"

Nikamuuliza amejuaje.

"Mimi ni wa Keringet! Nilikuwa nakuja hapo kila market day! Wee, hiyo yote alikuwa anatunga! Mosmos hakuwa anasikia kizungu. Sospita ni jirani yake, walikuwa na kesi ya shamba!"

Wakuu.

Miaka ishirini na kitu nimemchukia jirani wa mtu. Mzee wa watu pengine ako Kuresoi anapalilia viazi zake na hajui nilishawahi kumwota.

Kiamunyi yote ilicheka. Huyo daktari wa meno alivua miwani akapangusa. MC alikalia kiti. Mimi nilibaki na mic mkononi na sikuwa najua mtu huirudisha kwa nani.

Nikageuka kuangalia Shiru. Alikuwa ametoa glavu, amezikunja, anatembea kwenda kwa gate.

Nilimfuata. Nilimkuta amesimama hapo nje, macho mekundu, lakini hakuwa analia. Nikaanza kujitetea, ati unajua kitambo mambo ilikuwa tofauti, ati sikujua. Akanikata.

"Uncle, ungesema tu hujui. Mimi ningejibu. Zote nilikuwa najua, nilisoma kwa kitabu ya library."

Nilihisi vibaya vile sijawahi kuhisi maishani. Na mnajua nini kilinichoma? Alikuwa anajua majibu na akaniachia mimi. Alitaka baba wa siku moja ajibu kama baba za wengine, mimi nikaenda kumletea punda.

Mercy alinipigia jioni. Hakufoka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Alisema, "Amesema usikuje kwanza." Sikuuliza ya Ndabibi. Ya Ndabibi ilikuwa imejijibu.

Wiki tatu sikuenda Lanet. Friji za watu nilizitengeneza na hasira, moja nikaifunga na spana ndani.

Halafu Mercy akanitumia ujumbe: kuja Jumapili saa tisa, Shiru ako na swali.

Nilienda bila biskuti, bila kitu. Nilipoingia, Shiru alikuwa kwa sofa. Hakuniambia hata ile "sasa uncle" yake.

"Huyo Anko Sospita. Alirudisha shamba?"

Nilifungua mdomo. Jibu lilikuwa linakuja, na nawaambia ukweli, lilikuwa tamu. Kichwani nilikuwa nimeshaona Sospita anapiga magoti mbele ya chifu. Nikafunga mdomo.

"Sijui," nikasema. "Generator iliharibika, Mosmos akafunga, akahama. Mwisho sikuona. Siku ile nilikuambia nimeona yote, pia hiyo ilikuwa uwongo."

Mercy alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni na mwiko mkononi, hakoroji kitu.

"Na mambo ya quiz, pole Shiru. Nilikuharibia. Si kwa sababu sikujua. Ni kwa sababu nilikuwa nataka wewe uone najua."

Alichukua rimoti, akaweka Blazo, akaondoa sauti yote. Akasonga katikati ya sofa.

"Anza. Lakini ukifika mahali hujui, useme, niweke yangu."

Basi nikaanza. Shangazi, punda, title deed. Kila dakika mbili namwambia "hapa sijui," na yeye anaweka yake. Kwa yake, Sospita alirudisha shamba akaomba msamaha, lakini hakufukuzwa. Aliachiwa kipande kidogo kando ya choo, aangaliwe tabia kwanza. Mercy huko jikoni alikuwa anacheka ameziba mdomo na leso.

Ikaisha. Shiru akazima TV, akaita: "Mum! Ndabibi tunaenda lini?"

Mercy akatokea. "Na huyu?"

Shiru alinipima kutoka viatu hadi kichwa, bila haraka.

"Akuje. Lakini akifika huko Ndabibi kwa shosho, asianze kueleza watu vitu."

Wakuu, tunaenda mwezi huu, na nimeambia wazee wangu wao ndio wataongea.

Kile nimejifunza ni kidogo tu. Mtoto hana haja na mtu mzima anayejua kila kitu, wako wengi na wanachosha. Neno "sijui" linatoka ukilisukuma, na halijaniua. Sasa nalifanyia mazoezi hata kwa wateja, ingawa wao hawalifurahii hivyo.

Nimemaliza, chekeni. Na wewe uliyeona filamu za utotoni kwa video ya mabati, kabla ubishane na mtoto wa mtu, andika hapa chini vile unazikumbuka, tuone ni shamba la jirani gani ulikuwa unalilia.