Maji Chini ya Kapeti

Dada yangu Raili amechomelea sakafu za magari makuukuu hapa kaskazini mwa Ufini tangu tukiwa wasichana, na kama kuna mtu aliyechoka, ni yeye. Magoti yamekwisha. Kikohozi cha moshi hakimtoki hata kiangazi. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji inayala magari kwa chini, naye anaziba; mwaka ukizunguka yamerudi yaleyale. Nimemwambia aache mpaka mdomo umeniuma.

Vuli hii alikuja na gari lake Tauno, jirani yetu, mzee wa miaka themanini na ushee. Chini ya kapeti, upande wa dereva, bati lilikuwa limeoza. Ukigusa kwa bisibisi, inazama. Ukaguzi wa mwaka ulikuwa umekaribia, na bila gari lile Tauno hawezi kumfikia mkewe, Saimi, anayetunzwa kwenye nyumba ya wazee ambako basi haliendi tena.

"Nikiziba bati bila kujua maji yanapoingilia, ni kazi bure," Raili alimwambia. "Kaa ndani na tochi. Mimi namwaga maji. Ukiona tone, piga kelele."

"Kelele ndiyo kazi pekee niliyobaki nayo," mzee akacheka.

Raili akaelekeza mpira wa maji kwenye kioo cha mbele.

"Vipi?"

"Pakavu!"

Akasogea kwenye kona ya kioo. "Na sasa?"

"Pakavu kabisa, binti! Labda limejiponya."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Maji yalikuwa yakichuruzika kando ya pedali, mbele ya tochi yake. Nikafungua mdomo, Raili akanikata jicho. Akafunga bomba, akachuchumaa kwa shida.

"Mzee, tangu lini huoni?"

Tauno akazima tochi. "Nisipofika, Saimi anadhani nimekufa. Analia siku nzima. Msimwambie mtu."

Hasira zilinipanda. Watoto wa shule huvuka barabara ileile! Raili alikata kutu, akachomelea bati jipya, akabadilisha raba ya kioo, akakohoa. Gari likapita ukaguzi.

Jumapili Tauno akaja kulichukua, akanyoosha mkono apewe ufunguo. Raili hakumpa.

"Zunguka upande wa pili, mzee. Leo naendesha mimi. Na Jumapili ijayo."

Mzee alisimama, mkono bado umenyooshwa. "Utachoka, binti."

"Nimeshachoka. Ingia."