Eda Chini ya Bati Linalovuja

Mume wangu alifariki wiki chache kabla ya masika, jambo ambalo ndugu zake walilichukulia kama uzembe, maana alikuwa hajaziba paa. Mimi nilikuwa nimeingia eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba yetu ya Kibokoni, bila kutoka wala kuonana na wanaume wasio maharimu. Hata kaka yake mkubwa nilizungumza naye nyuma ya pazia.

"Mvua ikiingia, shemeji, eda utaimalizia kwangu Tudor," alisema. "Orofa ya nne. Kule hakuvuji."

Sikutaka Tudor. Nilitaka kumkalia eda mume wangu pale nilipoishi naye, si katika sebule ya watu nikisikiliza televisheni yao.

"Basi lete fundi," nikasema.

Kwenye matanga kila mtu alimsifu marehemu. "Mikono ya dhahabu yule! Kila mwaka juu ya paa!" Kweli, kila mwaka alipanda na kopo lake la lami. Na kila mwaka paa lilivuja palepale, juu ya upande wangu wa kitanda. Watu wakilia, nami nikalia. Sikusahihisha.

Fundi alikuja asubuhi, nikajifungia chumba cha nyuma. Shemeji, aliyemaliza umri wake wa kazi akielekeza mizigo bandarini Kilindini, akasimama ukumbini kuelekeza paa.

"Panavuja wapi, mzee?"

"Hapo juu ya ngazi. Huoni alama?"

Alama ile ya ukutani ilikuwa mchuzi wa matanga. Nikagonga ukuta mara tatu.

"Nani huyo?" fundi akauliza.

"Shemeji yangu. Anashukuru."

"Ni juu ya kitanda!" nikaita.

"Shemeji, tulia na tasbihi yako. Ya mabati tuachie wanaume."

Nikatulia. Fundi akagonga misumari juu ya ngazi hadi adhuhuri, akala pilau, akaenda zake.

Kesho yake wingu zito lilisimama upande wa bandari. Sheria niliijua: nisitoke nje ya nyumba. Sasa paa ni nyumba, au ni nje? Nilifikiri kwa muda mfupi sana, kisha nikachukua kopo la marehemu na kupanda ngazi ya darini.

Viraka vyake nilivikuta, vyeusi, kimoja juu ya kingine, vimepangana kama chapati. Tundu la msumari lilikuwa kando, shibiri moja tu, halijapata kuguswa. Nikakumbuka alivyokuwa akiniuliza kutoka juu, "Ni hapa?" Nami chini nikimjibu, "Sogea kidogo." Naye akisema, "Nimesogea."

Hakuwa amesogea. Miaka yote ile. Nilicheka peke yangu juu ya bati, mara ya kwanza tangu tumzike. Kisha nikasogea, nikaziba.

Mvua ilinyesha siku tatu. Ya nne, shemeji akaja akasimama nyuma ya pazia.

"Umeiona kazi ya fundi wangu? Hata tone!"

Ningeweza kunyamaza. "Fundi wako aliziba mchuzi, shemeji. Tundu nimeliziba mimi."

"Ulipanda juu ya paa? Na eda?"

"Kwa ngazi ya ndani."

"Ukaonekana?"

"Na paka."

Akahema. "Basi kwenye kundi la familia tuandike kwamba marehemu ndiye aliyeliziba, kabla hajafa. Watu watafurahi."

"Hapana," nikasema. "Marehemu hakulipata hata siku moja. Nilimwambia asogee, hakusogea."

Nikadhani nimemkasirisha. Kisha nikamsikia akicheka, cheko ambalo katikati liligeuka, akapenga kamasi.

"Alikuwa hivyo tangu mdogo," akasema. "Tukilala kitanda kimoja, hasogei."

Tudor hakuitaja tena. Eda yangu niliimalizia Kibokoni, upande wangu wa kitanda ukiwa mkavu, na upande wake pia.