Ukurasa wa Tatu Ndani ya Kiatu

Siku ya kwanza kumwona Kokushubila alikuwa anakuja kwangu amevaa kiatu kimoja, cha pili amekishika mkononi, soli inaning'inia. Ilikuwa Mbagala, wakati meza yangu ya kushona viatu bado iko ndani ya soko, kabla sijahamishiwa ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo fundi. Hiki kimekata roho."

Nikaitikia, nikakipokea. Mimi si mtu wa maneno. Yeye akakaa kwenye benchi, akaanza kuongea na mama mmoja aliyekuwa anasubiri viatu vyake. Nilipomaliza kushona, alishajua mama yule anauza nini na kwa nini hasemeshani na shemeji yake.

Alikuwa mwandishi wa gazeti, mzaliwa wa Bukoba, miaka thelathini hivi. Tangu siku ile akawa anakuja kila Jumanne, hata kama viatu vyake ni vizima.

"Maofisini naambiwa nisubiri," aliniambia. "Hapa kwako mtu kashavua kiatu, atakwenda wapi? Lazima tuongee."

Jumanne moja benchi lilikuwa tupu, akanigeukia mimi. Akanionyesha taarifa ya ofisi ya soko: choo cha wafanyabiashara kimejengwa na kimekamilika. Nikanyoosha sindano nyuma ya meza yangu, kwenye kiwanja chenyewe. Palikuwa na majani, na mbuzi anakula.

"Miaka miwili sijaona hata tofali," nikasema. Yalikuwa maneno mengi kuliko niliyosema wiki nzima.

Habari ikatoka ukurasa wa tatu, na picha ya mbuzi. Sokoni hatukuisoma. Asubuhi ile vijana wa Nurdin, mwenyekiti wa soko, walinunua magazeti yote kwa Mashaka, muuza magazeti wetu, hadi yale yaliyobanwa kwenye kamba kwa ajili ya wanaosoma vichwa vya habari na kuondoka.

Mchana Nurdin mwenyewe akamkuta Kokushubila kwenye benchi langu.

"Nani kakupa maneno haya?"

"Mbuzi, mwenyekiti. Si umemwona pichani?"

Watu wakacheka. Nurdin hakucheka. "Nikimjua, meza yake naing'oa. Na bosi wako nampigia simu."

"Mpigie. Namba ipo gazetini, na magazeti yote unayo wewe."

Mimi nilikuwa nimeinama, nashona mahali palipokwisha kushonwa. Kokushubila hakunitazama hata mara moja.

Simu ilipigwa, na wakubwa wa Nurdin nao wakapiga. Mhariri akampa Kokushubila mambo mawili: amtaje aliyempa maneno na kuomba radhi, au aache kazi. Akaacha kazi.

Alikuwa amepoteza kazi ili asinitaje mimi. Nilikuwa na gazeti moja tu, aliloniletea yeye. Sasa, sisi mafundi kiatu kikishashonwa tunakijaza karatasi kuukuu kisipoteze umbo. Nikaenda steshenari, nikatoa kopi hamsini za ukurasa wa tatu. Chini ya kila moja, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba, nikaandika: Aliyesema ni mimi, fundi viatu. Kila kiatu kilichotoka mezani kwangu kikaondoka na ukurasa wake.

Jumanne ya mwisho alikuja kuaga. Alikuwa kapata kazi redioni, kwao Bukoba. Akanikuta nakunja karatasi. Akakunjua moja, akaisoma mpaka chini.

"Fundi, watakutoa hapa."

"Najua." Nikaendelea kukunja.

Akaangalia viatu vilivyopangwa kwenye rafu, macho yakasimama kwenye vile vyeusi, namba arobaini na tano.

"Hivi si vya Nurdin?"

"Ni vyake. Anavifuata jioni."

"Umeshavitia karatasi?"

"Bado."

Akatundika begi begani, akanirudishia ile karatasi.

"Basi yeye mtilie mbili mbili. Ana mguu mkubwa."