Wakili wa Sebuleni

Kuna swali ambalo watu wazima huwauliza watoto huku wakitafuna mandazi, na mimi nalichukia mpaka leo: ukiwa mkubwa unataka kuwa nani? Hawaulizi ili wajue. Wanauliza kwa sababu chai bado ni moto na hawana la kusema.

Nyumbani kwetu Kitengela, miaka ya tisini, swali hilo lilikuja kila Jumapili baada ya kanisa. Baba alikuwa karani katika kiwanda cha saruji, mtu wa magharibi mwa Kenya aliyefuata mshahara huku, na alipenda watu wa kwao waje waone makochi yenye vitambaa na watoto wenye adabu. Tulikuwa tunapangwa mlangoni, kila mtu na jibu lake. Langu lilikuwa "wakili". Sikuwa namjua wakili hata mmoja. Nilichojua ni soko la ng'ombe, kwa sababu nilipitia hapo nikitoka shule, na mfanyabiashara mmoja alikuwa ananiruhusu nifungue mdomo wa ndama nitazame meno. Pale nilikuwa na furaha, na siwezi kusema hivyo kuhusu kwetu.

Basi Jumapili moja, nikiwa darasa la nne, nikajisahau. Nikasema nataka kuwa daktari wa ng'ombe. Wageni walicheka mpaka chai ikamwagika, mmoja akisema kumbe karo yote hii ni ya kwenda kufuata mikia ya ng'ombe. Baba naye akacheka. Alicheka nao hivyo hivyo hadi akawasindikiza barabarani.

Aliporudi alifunga mlango, akavua mkanda. Aliniuliza swali lile lile, kwa ile sauti tamu ya mgeni, na kila nilipojibu "wakili" alinichapa ili jibu likae, akauliza tena. Mama alikuwa jikoni anaosha vikombe. Alizidisha tu kelele za vikombe, na kelele hizo sijamsamehe. Jumapili iliyofuata, gauni likiwa bado linashika mgongo, nilijibu sawasawa. Mgeni mmoja akampongeza Baba, eti samaki mkunje angali mbichi. Samaki gani! Nilikuwa mtoto.

Alama za kusomea sheria sikupata. Miaka ya elfu mbili nikaitwa chuo kikuu kusomea mifugo, na mtu angedhani nimeshinda. Wapi! Likizo nilificha vitabu vyangu chini ya godoro kama kitu cha wizi. Darasani mhadhiri akiuliza nani anataka kuongoza kikundi, nilitazama viatu vyangu. Mshauri wa wanafunzi aliniambia shida yangu ni moja tu, nijiamini. Ati nijiamini, kama vile kujiamini kunauzwa kioski.

Mwaka wa mwisho shirika moja la kutibu mifugo, huko Kajiado, lilitafuta mwanafunzi wa kufanya mazoezi ya kazi, na atakayefanya vizuri angeajiriwa. Sikuwa nimewahi kutaka kitu vile. Kwenye mahojiano waliniuliza kuhusu kupe, minyoo na chanjo, na nilijibu bila kusita, mpaka nikaona wanaangaliana wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Mwenyekiti wao, mwanamume wa rika la Baba, akafunga faili, akachukua kikombe chake cha chai, akaegemea kiti.

"Haya, msichana wangu, tuambie," akasema. "Mbele huko, unataka kuwa nani?"

"Wakili."

Nililisikia neno likitoka na sikuweza kulirudisha. Wakacheka. Hawakuwa watu wabaya, walingoja kidogo nijirekebishe, lakini mimi nilitazama viatu vyangu. Wakanishukuru kwa kuja. Nafasi akapewa mwingine.

Kutoka Kajiado nilienda moja kwa moja hadi Kitengela. Baba, sasa amestaafu, alikuwa kwenye kochi lile lile. Nilimwambia yote kabla sijaketi, nikitaka yamchome. Nikamwambia nimeulizwa nataka kuwa nani, nikajibu wakili, na kazi imeenda. Nikangoja kuona aibu usoni mwake. Haikuwepo. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayejaribu kweli kuelewa, na sura hiyo ndiyo ninayoichukia zaidi ya mkanda.

"Sasa hayo mambo ya wakili," akaniuliza, "wewe uliyatoa wapi?"

Jikoni, Mama akaanza kuosha vikombe.