Nyumba Waliyoijenga Wakimbiaji

Nilisoma mpaka darasa la saba. Daftari hili naliandika kwa sababu mchana ni mrefu na watoto wangu wote wako ng'ambo, mmoja Unguja na wawili Tanga. Sina hakika kama haya nayakumbuka yalivyokuwa au ninavyotaka yawe. Nitajitahidi nisimwonee mtu.

Nyumba yangu ya zamani, ya udongo, iliniangukia masika, upande wa kibla. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Ukuta ulilegea kidogo kidogo kama mtu anayesinzia, halafu ukakaa chini. Nikahamia chumba kilichobaki. Jirani yangu, ambaye tumechota naye maji tangu tulipoolewa hapa Kiuyu, alikuja kunipa pole, akasema tusubiri jua likaze, kisha nipite niwaambie watu waje wakandike.

Kwetu nyumba ya udongo haikandikwi na fundi wa kulipwa. Mwenye nyumba hupita mlango kwa mlango, akasema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba ana kazi siku fulani na anaomba msaada. Hatumi mtu, wala haitangazwi msikitini. Asiyeambiwa haji, hata kama nyumba inajengwa mbele ya macho yake, maana akija atakuwa amejipeleka. Siku ya kazi wanaume hukanyaga udongo, sisi wanawake tunaleta maji na kupika, na kila aliyekuja hutia kiganja chake ukutani. Ndiyo siku ya kuchekana. Utasikia, fulani anakandika kama anampaka mtoto mafuta, na fulani amekuja kwa ajili ya wali tu.

Kabla jua halijakaza akaja sheha, mkubwa wa serikali hapa mtaani. Alisema kuna wageni wanakuja kutoka Ulaya, watu wa mbio ndefu. Watakimbia kisiwa kizima, kutoka Mkoani mpaka Konde, kwa siku mbili, na ndugu zao huko kwao wamewachangia fedha za kujengea kwa ajili ya mbio hizo. Wakishamaliza watakaa wiki kumjengea nyumba mtu mmoja asiyejiweza, na jina lililotoka ni langu. Neno hilo la asiyejiweza lilinichoma kidogo, lakini nilisema alhamdulillahi, na nilisema kwa moyo.

Jirani aliponiuliza tutakandika lini, nilimwambia basi, haina haja tena, sitaki kuwasumbua watu. Akasema, "Haya." Mimi nilidhani nimewapunguzia mzigo.

Siku ya mbio tulitoka wote barabarani kutazama. Walipita mmoja mmoja, wekundu, chumvi imewaganda usoni. Mzee mmoja aliuliza hawa wanakimbizwa na nini, na mwanamke nyuma yangu akajibu, "Na shibe." Tulicheka sana. Jirani yangu alicheka akaniegemea bega. Naliandika hilo kwa sababu nadhani ndiyo mara ya mwisho.

Kisha wakajenga. Walikuwa kumi, pamoja na mafundi wawili kutoka mjini Chake waliowaelekeza. Sitawasema vibaya, kwa kuwa hawakufanya baya. Walikuja asubuhi mapema, wakachanganya zege, wakabeba matofali mpaka mikono ikawachubuka. Kulikuwa na mwanamke mmoja mrefu ambaye kucha za miguu zilikuwa nyeusi kwa zile mbio, akitembea kama aliyekanyaga makaa, na bado alibeba kuliko wanaume. Wakati wa kupumzika alikaa nami chini, akanionyesha kwenye simu picha ya mama yake. Fundi alinitafsiria kwamba mama yule anaishi peke yake.

Siku ya kwanza nilipika wali wa nazi sufuria kubwa, ile ya shughuli, kwa mazoea. Wageni walikula kidogo kidogo, kwa adabu. Uliobaki niliutazama, nikaona haya kuupeleka kwa majirani. Ningesema ni wa nini, na wao hawakuitwa kwenye kazi?

Majirani walikuwa wakipita njiani. Walinisalimu kama kawaida, wakanipongeza, wakaenda zao. Jirani yangu alipita na ndoo kichwani, macho mbele. Yule mwanamke mrefu akamwambia fundi aniulize mbona jirani zangu hawaji kusaidia. Nilijibu wana shughuli zao. Ilikuwa si kweli, na niliwasingizia mbele ya wageni. Walikuwa hawaji kwa sababu sikuwaambia. Hata siku ile ningeweza kuvuka njia nikasema, na sikuvuka.

Wiki ilipoisha waliniachia nyumba ya matofali, bati jipya, sakafu ya saruji, mlango wenye funguo mbili. Mwanamke mrefu alinikumbatia akalia. Mimi sikulia. Nilijiona sina shukrani, na hata sasa sijui.

Mwezi mzima hakuingia mtu. Nilifagia sakafu isiyokanyagwa. Mwanzo nilisema moyoni wana husuda. Kisha nikaona hapana, husuda ni neno rahisi, nikaenda kwa jirani. Nilimkuta uani anamenya muhogo.

"Shoga, mbona huji kunitazama?"

"N'je kufanya nini? Nyumba ile miye siijui."

"Unapita mbele yake kila siku."

"Napita," akasema. Akamenya muhogo mzima kabla hajaendelea. "Mumeo alipokufa n'lilala kwako siku saba. Watoto wako n'mewaosha. Nyumba ndiyo hukunambia."

Nilimwambia niliogopa kuwatia mashakani.

"Mashaka ya nani? Miye n'liyataka hayo mashaka."

Nilimsaidia kumenya iliyobaki, nikaenda.

Wale wageni hawakujenga jiko, na moshi ulikuwa unaipaka nyumba masizi. Nikaona hapo pana njia. Nilikata fito, nikamlipa mtu anisimamishie miti ya banda uani, kisha nikapita mlango kwa mlango kama inavyotakiwa, nikisema nina kazi yangu ya kukandika jiko. Nilianza kwa jirani. Aliitikia kwa kichwa. Nyumba ya tatu bibi mmoja aliniuliza, "Kwani wazungu wamechoka?" Waliokuwepo wakacheka, nami nikacheka, maana alikuwa na haki ya kuuliza.

Nilitarajia watu ishirini. Walikuja sita. Naandika sita bila kulalamika, kwa sababu ilikuwa msimu wa karafuu na wengine walikuwa mashambani kweli. Jirani alikuja. Alikandika upande mmoja peke yake, udongo umemfika viwikoni. Hakuna aliyemtania mwenzake sana. Jiko dogo halina kazi kubwa, na kabla ya adhuhuri lilikuwa limekwisha.

Nilimwambia aingie ndani anawe.

"Na matope haya? Ntakuchafulia sakafu yako."

"Naichafuke."

Alitabasamu kidogo, akanawa hapo hapo uani, akanywa chai amesimama. Huenda ilikuwa matope tu. Mimi mwenyewe ningeingia nyumba ya mtu na miguu ile? Sijui. Nilimsindikiza mpaka njiani, na pale akageuka.

"Ukipata kazi nyengine, useme."

Nikamwambia ntasema.

Tangu siku ile naitafuta kazi hiyo. Nazunguka nyumba nikiikagua, nagonga kuta kwa kidole, natazama bati mvua inaponyesha. Halivuji. Kuta ni nzima, jiko limekauka vizuri, na fundi aliniambia nyumba hii itanizika. Sina la kumwomba mtu.